Ijumaa Sitini na Moja

Foleni ilikuwa imelizunguka jengo mara moja na sasa inajifuata mkia. Koleo aliiona akiwa bado garini. Akamwambia dereva asimame mbali, mbele ya duka la rangi, watu wasije wakadhani gari la Chama Kikuu limekuja kubeba kilichobaki.

"Nisubiri hapa hapa. Simu usiizime, na ugomvi usiununue."

"Mzee, mimi ugomvi hata wa bure siuchukui," dereva akajibu.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Miaka ishirini ya polisi na kumi na mmoja ya idara ya ukaguzi, kote walimwita Koleo, maana akibana msumari haachii mpaka utoke, hata ukitoka na kipande cha ubao. Na Chama Kikuu kilichomtuma ndicho mama wa vyama vyote vya ushirika vya akiba na mikopo, mia mbili na ushei. Kila chama huweka kwa mama sehemu ya akiba yake. Chama kikiyumba, mama hufungua Mfuko wa Dharura akakishika mkono. Ila fedha za mfuko ule ni za watoto wote. Ukizimwaga kwenye chungu kilichotoboka, umewaibia mia mbili ili umfurahishe mmoja.

Kamati ya Mfuko ingekaa saa tisa alasiri. Kabla ya hapo Koleo alitakiwa kupiga simu na kujibu mambo mawili: tundu lina ukubwa gani, na aliyelitoboa bado ana njia ya kuingiza mkono au hana? Asipojibu, au akijibu kwa kubabaika, milango ya chama hiki ingefungwa siku tisini, na akiba za watu elfu sita zingelala ndani. Vyama vinavyofungwa siku tisini havifunguki tena. Alishaviona vitatu.

Saa yake ilisema saa nne na dakika kumi.

Akaanza kutembea kando ya foleni, na habari ikatembea naye. Mkiani walikuwa wanasema Fundi, mweka hazina, ameonekana stendi Ijumaa na mfuko wa plastiki. Kwenye kona mfuko ulikuwa umekuwa begi. Alipofika mlangoni yalikuwa masanduku matatu, na mwanamke juu yake.

"Wewe mzee, foleni inaanzia kule!" mama mmoja mnene alimkemea.

"Mimi sina akiba hapa, mama."

"Basi Mungu anakupenda. Pita."

Meneja alimpokea mlangoni. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni mpaka kiunoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Shikamoo, mzee. Karibu msibani."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Bado."

Ofisini, chini ya kibao kilichoandikwa HABA NA HABA, Meneja aliyaeleza mambo huku akijifuta shingo. Chumba cha sefu kina mlango wa chuma wenye makufuli matatu na funguo tatu. Mmoja anao yeye. Wa pili anao Mwalimu, mwenyekiti wa kamati ya usimamizi. Wa tatu anao Fundi, mshona nguo wa mtaa wa nyuma, mweka hazina aliyechaguliwa na mkutano mkuu mara tisa mfululizo. Kila asubuhi hukutana watatu kufungua, kila jioni watatu kufunga. Jumatatu Fundi hakutokea. Fedha zilizobaki dirishani zilikwisha jana adhuhuri, na leo ni Jumatano.

"Na ufunguo wake wa ziada?" Koleo aliuliza. "Kanuni inasema ukae kwetu."

"Upo kwenu, mzee. Ila ni wa kufuli la zamani. Mwaka jana tulibadilisha kufuli, tukasema tutawaletea mpya, tukawa... tunasema."

"Na kutoboa mlango?"

"Wa kutoboa anafika kesho mchana. Mzee, mimi naona tusizunguke. Sema neno moja tu, polisi wamtangaze huyu bwana. Kala, kakimbia. Ukisema wewe, watu wataamini."

"Wakishaamini, mlango utafunguka?"

Mlango mwingine ndio uliofunguka, akaingia keshia na chai vikombe viwili. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, nadhifu, penseli imechomekwa kwenye nywele. Wanachama walimwita Dada Dirisha. Yeye peke yake ndani ya jengo lile ndiye aliyekuwa hatoki jasho.

"Sukari ngapi, mzee?"

"Moja. Dada, mle chumbani mnatakiwa kuwa na kiasi gani?"

"Tisini na mbili kamili, mzee. Milioni tisini na mbili, kufikia Ijumaa jioni." Hakutazama popote. "Vibunda vikubwa vitano vya mbele ni vipya, vingine vimetumika. Nikuletee kitabu?"

"Kitabu nimekiona. Wakaguzi wetu walikipitia mwezi uliopita, kilikuwa safi. Niletee hesabu za Ijumaa."

Kila chama kilikuwa na desturi hiyo, na Koleo aliiheshimu kuliko makufuli yote. Ijumaa jioni wenye funguo watatu huingia ndani, kila mmoja anahesabu peke yake, anaandika kwenye kikaratasi bila kumwonyesha mwenzake, anakunja. Vikishakunjwa vitatu ndipo vinafunguliwa mezani. Visipolingana, wanarudi kuhesabu, na vile vilivyokosewa haviruhusiwi kutupwa. Vyote vinabanwa pamoja na kuwekwa kwenye faili.

Dada Dirisha alileta mafaili mawili. Koleo akajifungia stoo, katikati ya maboksi ya fomu, akavaa miwani.

Hakutafuta namba. Namba aliziacha zipite. Alitafuta makosa. Faili la kwanza lilikuwa na uhai wake: Ijumaa hii Mwalimu kapungukiwa kibunda, Ijumaa ile Fundi kazidisha, Meneja kafuta, kaandika, kafuta tena mpaka karatasi imetoboka. Vikaratasi vitano, sita, safari nyingine tisa kwa siku moja. Hivyo ndivyo watu wazima watatu waliochoka wanavyohesabu noti jioni, na kila mmoja ana njaa.

Halafu, katikati ya faili la pili, makosa yakakoma.

Alihesabu kwa kidole. Ijumaa sitini na moja. Vikaratasi vitatu kila Ijumaa, si zaidi. Hakuna kilichofutwa. Hakuna aliyerudia. Miezi kumi na minne watu watatu hawakukosea hata mara moja.

Koleo alivua miwani. Akatoka kumtafuta Mwalimu.

Alimkuta amekaa wima kwenye benchi la ukumbi, mbele ya mlango wa chuma, kama askari wa zamu. Ufunguo wake ulining'inia shingoni kwa kamba ya viatu.

"Mwalimu, umefundisha miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Watoto watatu wanakuletea hesabu ndefu. Wote wamepata. Hakuna aliyefuta hata mara moja. Ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nachapa wawili."

"Basi niambie, hapa nimchape nani?"

Mwalimu alielewa papo hapo. Alilitazama faili lililokuwa kwapani mwa Koleo, akatazama sakafu.

"Nani alikuwa anahesabu?" Koleo akauliza.

"Kuna mambo mtu mzima anastahiwa."

"Huko nje kuna watu elfu sita hawajastahiwa."

"Muulize Fundi mwenyewe. Mimi nikisema nitakuwa nimemvua nguo mwenzangu barabarani." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sisemi ni mwizi. Sijasema hivyo, uandike."

Duka la Fundi lilikuwa hatua mia mbili tu. Kibao chake kilikuwa chini, kimepasuliwa kwa jiwe. Mke wake alikaa kwenye cherehani bila kushona, mlango nusu wazi, na alipomwona Koleo akasimama na mkasi mkononi.

"Usiogope, shemeji. Mimi na bwana tu rika moja."

"Amekwenda msibani."

"Pole. Nani katutoka?"

"Mjomba."

"Wa kwake au wa kwako?"

"Wa... wa mbali."

"Mjomba wa mbali hazikwi siku tano, shemeji."

Koleo akamwacha apumue, akazungusha macho. Kwenye kimto cha sindano, kando ya cherehani, kulikuwa na sindano zaidi ya ishirini zimechomekwa safu mbili, na zote zilikuwa zimeshatungwa uzi. Fundi gani anatunga sindano za wiki nzima siku moja? Ukutani lilining'inia koti jeusi la mteja. Akaligeuza pindo. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu iliyoiva, kazi safi, mishono imenyooka kama reli. Suruali ya kijivu iliyofuata ilikuwa na vifungo vitatu vya kahawia na kimoja cheusi.

Hicho ndicho kilichomfanya akae kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, sindano unamtungia wewe."

Mkasi ukashuka.

"Tangu lini haoni?"

Mama alianza kulia bila sauti, kwa mabega tu. "Mwaka na nusu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kanuni zenu zinasema mweka hazina awe anaweza kusoma na kuhesabu. Mkutano mkuu mwezi ujao. Akasema, nitakwenda kimya kimya nipasuliwe Jumamosi, Jumatatu nimerudi naona, nani atajua? Sasa jicho limevimba, daktari amemzuia. Simu yake imezima tangu Jumapili. Jana jioni wamekuja hapa, baba, wanataka kutuchoma."

"Mficha maradhi, shemeji..."

"Kilio humfichua, najua. Unadhani sikumwambia?"

Kliniki ya macho aliyomtajia mama ilikuwa mwendo wa dakika hamsini. Dereva, kwa kuwa hakununua ugomvi, aliutumia uwezo wake wote kwenye mwendo. Walifika kwa dakika thelathini na nane, na Koleo alishuka akishika mlango kwa muda.

Fundi alikuwa kitandani kwa dirisha, mzee mdogo mkavu, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto limefunikwa na ukungu mweupe. Alipoelezwa foleni imefika wapi, uso wake ulikwajuka.

"Ufunguo ninao. Kiunoni. Hauvuliwi hata nikioga."

"Nipe."

"Wewe umechaguliwa na nani?"

"Mzee, ni saa sita na nusu."

"Hata iwe ngapi. Nimepewa na mkutano mkuu, nitaupeleka mwenyewe. Muuguzi, niletee viatu!"

Muuguzi akagomba, daktari akaitwa, ikatiwa saini karatasi ya kutoka kwa hiari, na dakika kumi na tano zikateketea hivyo. Garini Koleo akauliza lile alilokuja kuuliza.

"Ijumaa, mlipokuwa mnahesabu. Ulikuwa unasomewa na nani?"

Fundi akapapasa ufunguo kiunoni. "Siku moja Mwalimu aliniona nimeshika kibunda juu chini. Hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata akasema, jamani tumechoka, kwa nini asihesabu mmoja akatusomea? Nikajua ananisitiri. Meneja naye akajua. Hakuna aliyelitaja. Tulifurahi, bwana. Tulikuwa tunakwenda nyumbani mapema."

"Mmoja nani?"

"Dada Dirisha. Kwani nani mwingine? Yeye ndiye mwenye vidole. Anahesabu ndani, sisi tumesimama mlangoni, anasoma, tunaandika watatu, tunakunja." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Tunakunja kama kawaida."

Koleo alitazama barabara. Siku nzima yeye, Meneja na foleni yote walikuwa wanatazama funguo. Hakuna aliyeutazama mkono.

Saa saba na dakika arobaini dereva alitaka kuingia kwa mlango wa nyuma. Fundi akakataa.

"Anayepita nyuma ni mwizi. Nishushe mbele."

Wakamshusha mbele. Kelele zilizuka, foleni ikavunjika, mtu mmoja akamkunja ukosi wa shati. Kisha walio karibu wakaiona bandeji na damu iliyokauka shavuni, na aliyemkunja akaachia, akamshika mkono badala yake, asijikwae ngazi. Nyuma walikuwa bado wanapiga kelele. Mbele walikuwa wamenyamaza, na kimya kile kilimtisha Koleo zaidi.

Hakwenda kwenye mlango wa chuma. Aliwaacha wenye funguo watatu ukumbini wakisubiri, akamwita Dada Dirisha stoo, akafunga mlango.

"Kaa, dada."

"Nimezoea kusimama, mzee."

"Ijumaa sitini na moja, watatu walikuwa na funguo na mmoja alikuwa anahesabu. Ndani ya chumba kile kuna kiasi gani?"

"Tisini na mbili, mzee. Mimi sina ufunguo wowote."

"Ndiyo maana nimechelewa kukufikia."

Penseli ilitoka kwenye nywele, ikaanza kuzunguka vidoleni. Ilikuwa ishara ya kwanza aliyoitoa tangu asubuhi.

"Sikiliza," Koleo akasema. "Sitakudanganya. Polisi utakwenda, uandike usiandike. Kilichopungua nitakijua kwa kuhesabu, sihitaji msaada wako. Lakini saa tisa nitaulizwa: mkono uliotoboa ni mmoja, au kuna mwingine ungali humu? Hilo unalijua wewe tu, kwa sababu wewe ndiye pekee katika jengo hili uliyekuwa unahesabu kweli. Andika hapa ulichotoa. Kunja. Nitakifungua baada ya hesabu. Kikilingana, milango inabaki wazi. Kisipolingana..." Akaonyesha dirisha dogo la stoo, ambako vichwa vya foleni vilikuwa vinapita kama maembe sokoni.

Dada Dirisha alivitazama vichwa vile kwa muda mrefu.

"Sikula, mzee. Uniandike hivyo."

"Ulifanyaje?"

"Nilikopesha. Kamati ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi. Mtu mtoto wake anaumwa leo, unamwambia subiri tarehe ishirini na nane? Nikaanza na mmoja. Nikaweka riba kidogo, nikawa nakopesha wengine. Zinarudi polepole. Yule mwenye kofia nyekundu ana laki nane yangu. Yule mama mnene wa mlangoni, milioni moja na nusu. Anapiga kelele kuliko wote." Penseli ikasimama. "Wamekuja kudai fedha ambazo wanazo nyumbani."

Akaandika. Akakunja mara mbili, kwa kucha, mstari umenyooka. Koleo akakiweka mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Saa nane na dakika kumi na mbili funguo tatu ziliingia kwenye makufuli matatu. Mlango wa chuma uliguna ukafunguka. Vibunda vya mbele vilikuwa vimesimama kama askari wa gwaride. Nyuma yao kulikuwa na nafasi ambayo mtoto angeweza kulala.

"La haula," Mwalimu akasema.

"Tunahesabu," Koleo akasema. "Mimi, Meneja na Mwalimu. Kila mtu kona yake. Fundi utakaa hapa mlangoni, usikilize. Atakayesoma kwa sauti nitamtoa."

Walihesabu. Hakukuwa na sauti ila ya noti na ya watu nje wakigonga madirisha. Mara ya kwanza Meneja alizidisha kibunda, wakarudia. Mwalimu akamwaga safu nzima kwa kiwiko, akaanza upya huku akijitukana kwa adabu. Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi na nne vikaratasi vitatu vilifunguliwa mezani, vikalingana. Milioni sitini na laki tatu. Pungufu: milioni thelathini na moja na laki saba.

Koleo alifungua kifungo cha mfuko.

Kikaratasi cha Dada Dirisha kilisema thelathini na moja na laki nne.

Koleo alikisoma tena, kisha akakiweka mezani wote wakione.

"Laki tatu," Meneja akasema haraka. "Laki tatu si kitu, mzee, kachanganya tu. Miezi kumi na minne, nani asichanganye?"

Dada Dirisha alikuwa amesimama mlangoni kati ya askari wawili wa polisi walioitwa na Koleo. "Mimi sichanganyi," akasema. "Ningechanganya mara moja mngenikamata. Zilizo zangu nimeziandika. Laki tatu si zangu."

"Mwongo huyo!" Meneja akapaza sauti.

"Mwongo, ndiyo. Kwenye hesabu, hapana."

Koleo aliwageukia wale watatu. "Ndani humu nani alikuwa anaingia peke yake?"

"Hakuna," Fundi akasema. "Lazima tuwe watatu."

"Mlangoni, ndiyo. Nauliza ndani."

"Ile wiki niliyougua homa mpaka Alhamisi," Dada Dirisha akasema. "Miezi mitatu iliyopita. Walipokezana kunitolea fedha za dirishani. Kila mmoja aliingia, wenzake wamesimama nje wanapiga soga. Hata Fundi aliingia, kwa kupapasa."

Saa tisa kasoro kumi. Nje kioo kimoja kilivunjika. Askari mmoja akakimbia huko.

Meneja alimsogelea Koleo, akashusha sauti, ingawa wote walisikia. "Mzee, chama kife kwa laki tatu? Nazitoa mimi, mfukoni mwangu, sasa hivi. Tunaziweka mle. Hesabu inalingana na karatasi, unapiga simu yako moyo mweupe. Nani ameumia?"

"Nusu nitoe mimi," Mwalimu akasema.

"Mimi nina cherehani mbili," Fundi akasema. "Moja iuzwe."

Walisema kwa moyo mmoja, watatu, wakamtazama. Mmoja wao alikuwa anarudisha alichoiba, na wawili walikuwa wanamsitiri bila kumjua, na hapakuwa na njia ya kuwatenganisha kwa dakika kumi. Zilikuwa fedha rahisi kabisa. Simu ingekuwa fupi.

"Hivi hivi ndivyo mlivyofika hapa," Koleo akasema. "Kwa kusitiriana. Zirudisheni mifukoni."

Akachukua simu ya mezani, akazungusha namba za Chama Kikuu. Mwenyekiti wa Kamati ya Mfuko alipokea mwenyewe, mama mkavu wa maneno, asiyejua salamu kukiwa na saa ukutani.

"Koleo. Chungu kimetoboka?"

"Kimetoboka. Milioni thelathini na moja na laki saba. Nimelipima tundu kwa mikono yangu, halizidi hapo."

"Aliyetoboa?"

"Wawili. Mkubwa ninaye, ameandika. Mdogo sijamjua. Yuko chumbani humu ananisikiliza."

Koleo alisikia mtu huko akikohoa, na karatasi zikigeuzwa.

"Unajua kanuni. Hatupeleki fedha mahali ambapo mwizi ana ufunguo."

"Kwa hiyo msipeleke kwenye funguo hizi. Gari lije na makufuli mapya matatu na watu watatu wenu wa kuyashika. Wa hapa nawavua wote, mwizi na wasio wezi, mpaka nimpate."

"Utawavunjia heshima wawili wasio na kosa."

"Ndiyo."

"Na ukiwa umekosea tundu? Likiwa kubwa kuliko unavyosema?"

"Mtanifukuza."

"Hiyo tutafanya. Nauliza kama utatia saini. Jina lako, si la idara."

Alitazama mlango wa chuma uliokuwa wazi, na nafasi ile tupu nyuma ya vibunda. "Natia," akasema.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tatu. Mwenyekiti aliziba simu kwa mkono, sauti zikawa kama za watu ndani ya maji. Zikaendelea. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, Mwalimu amefumba macho. Meneja alikuwa anajifuta shingo, lakini alikuwa anajifuta tangu asubuhi.

"Gari linaondoka," mwenyekiti akasema. "Saa kumi na nusu liko kwako. Waambie watu wako watalipwa leo." Simu ikakatwa.

Koleo aliweka mkono wa simu mahali pake. Akavuta sahani ya vikombe, akamwaga matone ya chai, akaisogeza katikati ya meza.

"Funguo," akasema.

Mwalimu aliivua kamba ya viatu shingoni, ikamkwama sikioni, akaivuta kwa nguvu. Fundi aligeukia ukutani, akafungua kiuno chake kwa haya kama mtu anayevuliwa nguo hospitali. Meneja alitoa wake mfuko wa nyuma. Zikalia kwenye sahani, moja, mbili, tatu. Kisha watu wale watatu waliofungua mlango mmoja pamoja kwa miaka tisa wakasogea hatua moja moja, kila mmoja mbali na wenzake, wakasimama hivyo, wanatazamana.